Mwaka Niliokaa Nyuma ya Pazia

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Ukungu haukuinuka tangu asubuhi, na yale manyunyu yetu ya Meru, yasiyomlowesha mtu bali kumchosha tu, yalitufuata mpaka kaburini. Leo tumemzika Fundi Kirimi. Nimerudi na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nimevua viatu barazani, na badala ya kuviosha nimekaa niandike, kwa sababu nina hasira, na hasira juu ya mtu aliyekufa sijui huwekwa wapi. Sikuenda huko nikiwa na hasira, hilo nataka lijulikane kwanza. Nilikwenda na leso mpya na huzuni ya kweli. Nilikaa kwenye hema upande wa majirani, nikamsikiliza mpwa wake akisoma historia ya marehemu, na aliposoma kwamba marehemu aliifufua kwa mikono yake mwenyewe mashine ya sauti ya kanisa la Karurumo, nilitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Uongo huo nilikuwa nimeuzoea. Kilichonikasirisha kilikuja baadaye, kwenye foleni ya chakula, na siwezi kukieleza kabla sijaeleza mwaka wa tisini na tatu. Shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo mpangilio wangu ukiyumba mnivumilie. Nitajaribu kumtendea kila mtu haki. Hata yeye.

Duka la redio la Kirimi lilikuwa chini ya soko la Meru, chumba kimoja chembamba kirefu, kati ya duka la dawa za mifugo na chumba cha washonaji. Ukuta wa kushoto ulinuka dawa ya kupe, ule wa kulia ulitetemeka kwa cherehani, na katikati tulikuwa sisi na moshi wa risasi, ule waya laini wa kuunganishia vyuma. Mjini kila mtu alikuwa amekimbilia kaseti na redio za plastiki. Kirimi alipenda vya zamani: redio za kabati zilizonunuliwa na wazee enzi kahawa ilipokuwa kahawa, gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, mashine za valvu, zile taa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Mimi niliingia pale kufagia. Siku moja alinikuta nikitoa kiota cha nyigu ndani ya spika kwa unyoya wa kuku, bila kuigusa karatasi yake, akasimama akaniangalia, kisha akavuta kigoda kwa mguu. "Wewe una mikono," akasema. "Keti." Hilo siwezi kulifuta, na sitaki. Wanaume waliokuwa tayari kumwambia msichana "keti" mbele ya meza ya kazi hawakuwa wengi, na mimi nilimpata mmoja wao.

Alinifundisha kukata pete kutoka kwa tyubu ya baiskeli ili sahani ya santuri izunguke bila kuteleza. Alinifundisha kupasha chuma cha kuchomea kwenye makaa, maana kile cha stima kilikuwa kimekufa, na kukijua kimeiva kwa kukisogeza karibu na shavu. Zaidi ya yote alinifundisha kwamba mashine iliyolala miaka haiamshwi kwa kofi. Usiichomeke ukutani moja kwa moja. Unaweka glopu katikati ya njia, stima ipite kwanza ndani yake. Glopu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna ugonjwa, zima. Ikiwaka halafu ififie taratibu, mashine inavuta pumzi, ipe muda. Na mashine, alisema, haipimwi kwa kelele. Wateja wote walitaka kelele. Mtu hakuamini redio yake imepona mpaka muuza ndizi wa ng'ambo ageuke. Kirimi alikuwa akifungua sauti mpaka mwisho bila wimbo wowote, halafu anaweka sikio kwenye spika. "Mashine nzuri ni ile usiyoisikia," alisema. "Ukisikia inanguruma, rudi ndani."

Pazia lilikuja baada ya mzee mmoja wa Kaaga. Alikuwa ameleta redio ya kabati, kitu kizuri cha mbao nyekundu, na niliishughulikia mimi, mbele ya duka, mwangani. Alipokuja kuichukua alinikuta nimeingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Huyu anafanya nini?"

"Anamalizia, mzee," Kirimi akamjibu. "Ni fundi wangu."

"Mimi nilileta redio kwa fundi. Sikuileta kwa mtu wa kuchambua maharagwe." Akawaita vijana wawili wa mkokoteni, wakaibeba nyuma yake ikiwa wazi, nyaya zikining'inia kama matumbo ya mbuzi. Washonaji walicheka mpaka cherehani zikanyamaza. Jioni ile Kirimi aliniletea shuka ya kitanda ya maua ya zambarau, akapigilia misumari, akakigawa chumba mara mbili. "Usikasirike, Muthoni. Mteja ni ng'ombe wa maziwa. Ukimshtua anayazuia." Basi nikawa nyuma, natengeneza, naye mbele, ameshika bisibisi safi, anapima mbele ya watu. Nakumbuka harufu ya ile shuka kuliko sura yake. Ilinuka kitanda cha watu wengine. Mama Kendi, aliyetupikia githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kibanda cha nyuma, alikuwa akiingiza mkono kwenye upenyo na bakuli: "Bibi harusi! Utatolewa lini nje tukuone?" Nilicheka naye. Nilikuwa na miaka ishirini na nilidhani pazia ni kitu cha muda.

Nyuma ya pazia mtu husikia mengi. Nilisikia wazee wakimsifu kwa kazi zangu, naye akijibu "ni Mungu tu," jibu ambalo sikuweza kulipinga. Nilisikia mmoja akimwambia, "Fundi, mikono yako ni miepesi kama ya mwanamke," na Kirimi akicheka kicheko kirefu, halafu, mteja alipotoka, akiinua pembe ya shuka na kunikonyeza, kana kwamba mzaha ni wetu sote wawili. Kwa muda ulikuwa wetu. Sitasema nilikuwa namchukia tangu mwanzo, si kweli.

Halafu akaja Mzee Njue kutoka Karurumo. Mimi ni wa kule. Mzee Njue alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti moja, na pikapu aliyokodi ilibeba mashine ile niliyoijua tangu utotoni, amplifaya ya valvu, ya kukuza sauti, iliyoachwa na wamishenari, kubwa kama sanduku la nguo la bwenini. Nikiwa mtoto ilikuwa ikinguruma hivi kwamba mahubiri yalitufikia kama nyuki waliokasirika. Baadaye ikanyamaza kabisa. Nilimsikia mzee akisema kule mbele, "Fundi, kanisa lina chumba pale barabarani, na stima imo ndani tayari. Atakayetufanyia hii kazi ikatulia, chumba ni chake. Watu wetu wamechoka kwenda Embu na redio mapajani." Alipoondoka Kirimi aliingia nyuma, akaketi kwenye kigoda changu, mimi nikasimama. "Hii ni yako," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Na siku ya kuiwasha utaiwasha wewe, mbele ya watu wenu, na mimi nitasimama niseme, huyu ndiye fundi. Chumba ukichukue." Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Sikuwa nimemwomba. Nasema hili kwa sababu mtu akikuahidi kitu ulichomlilia, ahadi ina shinikizo ndani yake. Hii haikuwa nayo.

Kuanzia siku ile nilikitaka chumba kile kama mtu anavyotaka maji. Nilikijua, kilikuwa na dirisha linalotazama barabara ya Runyenjes, na nilikwisha kuiweka meza chini ya dirisha hilo kichwani mwangu, bila kitambaa chochote mbele yake. Nikaifungua mashine. Panya walikuwa wamezaa ndani, katika kiota cha kurasa za vitabu vya nyimbo. Kapasita, vile vidonge vya kuhifadhi stima, zile za karatasi zilikuwa zimetokwa na nta kama masikio yenye usaha, na nyingine kubwa zilikuwa zimekauka kabisa. Hizo ndizo zilizokuwa zikinguruma. Nilizibadilisha kidogo kidogo, kadiri Kirimi alivyozipata, nyingine zikitoka ndani ya redio zilizokufa. Nilisafisha miguu ya kila valvu kwa kijiti na spiriti. Siku ya kuiamsha niliweka glopu katikati, ikawaka kama jua, nikazima, nikatafuta, nikakuta waya mmoja umeliwa na panya na kugusa chuma. Mara ya pili iliwaka, ikafifia, ikakaa rangi ya chai. Niliiacha hivyo tangu asubuhi mpaka washonaji walipokwenda kula. Kisha nikaitoa glopu, nikafungua sauti mpaka mwisho. Kirimi akainama, akaweka sikio.

"Umewasha kweli?"

"Nimewasha, Fundi."

"Wacha!" Akagusa maiki kwa ukucha, na ule mguso ukatoka kama mtu anayebisha mlango. Aliruka nyuma, akacheka, akanipiga begani kama mwanamume mwenzake. Hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Nimefanya nyingine nyingi, lakini bora ni hiyo.

Jumapili ya kuizindua tulikwenda kwa pikapu ya kanisa, valvu zikiwa mapajani mwangu, zimefungwa ndani ya sweta. Tulipofika wanaume waliishika mashine kila pembe. Kirimi alizichukua valvu kwangu moja baada ya nyingine, akazirudisha mahali pake, na mama mmoja akanishika mkono: "Njoo jikoni, mwari. Wanaume wafunge nyaya zao." Nilimtazama Kirimi. "Nenda," akasema, "nitakuita." Basi nikaketi na kina mama nyuma ya kanisa, penye masufuria, nikamenya ndizi za kupondea mukimo. Cucu Ruguru, bibi mzee aliyekuwa kiongozi wao, aliona vidole vyangu.

"Hivi vimeunguzwa na nini? Si mafuta haya."

"Ni chuma cha kuchomea, cucu. Ile mashine nimeitengeneza mimi."

Akaweka kisu chini. "Wewe? Wewe wetu?"

"Mimi. Fundi Kirimi ataniita sasa hivi niiwashe."

Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kiembu, kwa sauti kubwa, na wote wakaja kuvitazama vidole vyangu, wakivigeuzageuza kama watu wanaokagua nafaka. Wakati huo huo ile spika ya pembe iliyofungwa juu ya paa ikatoa sauti: "Haleluya." Haikunguruma, haikukwaruza. Ilishuka juu ya migomba na mikahawa safi kama kengele, na kina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga, mdomo wazi, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo na ambayo, kusema kweli, sikuipata tena. Ilikuwa sauti ya Kirimi. Aliiwasha mwenyewe. Nikajiambia, ni majaribio tu, sasa ataniita.

"Ndugu zangu," pembe ikasema, "mashine hii ilikuwa maiti. Nimeifufua kwa mikono hii miwili, peke yangu, bila msaidizi."

Nilikuwa nimetoa mngurumo wote. Hilo ndilo jambo ambalo hata sasa linanifanya niume meno. Ningekuwa nimeifanya kazi yangu ovyo, uongo ule ungenifikia kama nyuki, nisingeelewa neno, ningeendelea kumenya ndizi. Nilikuwa nimeifanya vizuri mno. Kila herufi ilinifikia. Kisha nikasikia Mzee Njue, mbali kidogo na maiki lakini wazi vile vile: "Na yule msichana uliyekuja naye?" Na Kirimi: "Huyo? Huyo ni wa kunipikia chai." Kanisa likacheka, na kicheko nacho kikapita kwenye valvu zangu, kikatoka juu ya paa, kikavuka barabara. Ndani wakampigia fundi vigelegele vitano, hesabu anayopigiwa mtoto wa kiume akizaliwa. Kule jikoni hakuna aliyefungua mdomo. Nilidhani wameniona mwongo. Sikuwatazama usoni. Niliinuka nikaenda mpaka mlango wa kando, na mashine ilikuwa pale pale, juu ya meza ndogo, mgongo ukinielekea. Ningenyoosha mkono nivute valvu moja, Kirimi angebaki akichezesha midomo kama samaki. Sikufanya. Mashine haikuwa ya Kirimi, ilikuwa ya kanisa. Au labda niliogopa. Sijui kama ulikuwa wema, na nisingependa kuuita wema bila kujua.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza.

"Ulisema utaniita."

"Niliziona nyuso za wale wazee, Muthoni."

"Uliona nini?"

"Niliiona mashine ikirudishwa Meru. Umesahau yule mzee wa Kaaga? Ningekutaja, siku mashine ikikohoa kidogo tu wangesema ni kwa sababu ilishikwa na msichana. Nimekukinga."

"Na chumba?"

"Chumba wewe hawawezi kukupa. Nimewaomba wampe Mwenda."

Mwenda alikuwa mdogo wake, fundi wa redio ndogo, na sitamsingizia, alikuwa fundi wa kutosha. Kabla ya mahindi mapya alikuwa ameshahamia Karurumo, chini ya dirisha langu. Mimi nilibaki nyuma ya shuka ile mpaka mwisho wa mwaka, natengeneza, kisha siku moja nikaitoa misumari, nikaikunja shuka vizuri, nikaiweka kwenye kigoda, nikaenda zangu. Nimetengeneza redio za watu barazani kwangu tangu hapo, mpaka redio zenyewe zikaisha. Karurumo sikurudi, hata kwa mazishi nilituma pole. Niliona haya kwa vidole vile nilivyowaonyesha.

Na kwa miaka hii yote nimemtetea. Mume wangu alikuwa akimwita mwizi, nami nilimwambia, wewe hukuwepo, hukumwona yule mzee wa Kaaga, Kirimi alikuwa akiishi na watu jinsi walivyokuwa. Nilikuwa nikilipima jambo lile pande zote mbili, kila mara, mpaka mizani ikawa tabia yangu. Nilisema, labda ni kweli alinikinga. Nilisema, hakukuwa na shahidi kwamba wazee wangekubali.

Leo kwenye foleni ya chakula Mwenda alikuwa nyuma yangu. Amezeeka, anatembelea bakora, sahani mkononi. Akaniambia pole, nami nikamwambia pole, ndugu ni wake. Tukasogea hatua. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mifugo:

"Muthoni, kuna neno nimetaka kukuuliza tangu zamani. Kile chumba cha Karurumo, kwa nini ulikikataa?"

"Nani alikikataa?"

"Wewe. Si Mzee Njue alikuja kukuchukua?"

Nilimwambia aseme pole pole. Akasema. Hazikuwa zimepita siku nyingi tangu ile Jumapili, Mzee Njue alifika dukani Meru. Mwenda alikuwepo. Mzee alisema kina mama wa kanisa, wakiongozwa na Cucu Ruguru, wamegoma: wameviona vidole vya msichana, wanajua nani alifanya kazi, na chumba hakitafunguliwa kwa mtu mwingine. Alisema wazee wenzake wamekaa, wamekubali. "Basi tumekuja kumchukua binti yetu." Na Kirimi akamjibu kwamba ameshaniuliza, na mimi nimesema siwezi kurudi kukaa kwenye vumbi la Karurumo na watu wa Karurumo, mimi ni wa mji sasa.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeenda kwa Mama Kendi kutuchukulia githeri." Akanitazama. "Ina maana hakukuuliza?"

Nilimwamini. Si mtu wa kubuni, na angebuni kitu cha kumpendezesha marehemu, si hiki. Nikaiweka sahani mezani, tupu, nikatoka kwenye foleni, nikatembea kwenye yale manyunyu mpaka barabarani. Kwa hiyo hakukuwa na nyuso za wazee. Wazee walikubali. Kina mama walikuwa wamenyamaza kule jikoni kwa hasira, kwa ajili yangu, na mimi niliogopa kuwatazama. Alininyang'anya chumba, sawa, vyumba vipo. Lakini aliwaambia watu wangu kwamba nawadharau, akaniacha mimi niamini kwamba wao ndio walionidharau, kisha akaja kula harusini kwangu. Cucu Ruguru amekwisha kufa. Alikufa akiamini kwamba yule msichana aliyempigania alimwita vumbi. Na mimi, mpumbavu, nilikuwa nikishika mizani, nikimwekea Kirimi upande wake kila nilipouona mwepesi. Nimetafuta leo, njia nzima, cha kumwekea. Alisema "keti." Hicho kipo, nakiacha kipo. Zaidi ya hicho sina, na sitafuti tena.

Nilipofika nilimweleza mume wangu yote, nimesimama, leso ikidondosha maji. Yeye aliyemwita mwizi tangu tulipooana hakusema "nilikuambia." Alinivutia kiti karibu na jiko. Kesho kutwa nitapanda gari niende Karurumo, niwaambie waliobaki kwamba sikuwahi kuulizwa; nimemwambia, naye amesema atakuja nami. Jioni tumekula mukimo wa majani ya malenge na maziwa lala, na nyama kidogo iliyobaki jana. Nilikula, nikaongeza, maana tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.